HATUCHEZI MSIMU WA KWANZA KWA FULANA

Ndugu wafanyakazi wa Longech, Kalokol, Lodwar na Kakuma,

Karatasi hii inahusu mpira. Najua wako watakaosema, katibu ameacha habari ya bei ya mbuta na bei ya chumvi, sasa anatuletea habari za uwanjani. Ngojeni kwanza. Someni mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, maana jambo hili limekwisha kuingia ndani ya mashua zetu na linatoa vijana kazini.

Wiki tatu zilizopita alifika hapa bwana mmoja na gari lake akaliacha ng'ambo, akavushwa kwa mashua, akasimama karibu na mzani wa samaki. Jina lake silitaji, kwa sababu sina ugomvi na mtu, nina ugomvi na maneno yake. Alisema mpira wa kulipwa unakuja kaskazini. Alisema ataunda timu ya kuingia ligi, na vijana atawachukua Longech kwa sababu wavuvi wana mapafu, na Lodwar, na Kakuma. Mambo mazuri. Halafu akasema kwamba msimu wa kwanza utakuwa wa kujitolea. Mchezaji atapewa fulana, viatu, nauli, na chakula siku ya mechi. Mshahara utafikiriwa msimu wa pili, timu ikisimama.

Kijana mmoja akauliza, na mke wangu atakula nini msimu wa kwanza? Bwana yule alicheka, akajibu hivi: wazee wenu wa mwaka 1963 walicheza ligi ya kwanza ya Kenya bila kuuliza mshahara, na ndio waliojenga mpira wa nchi hii. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe mikono ilikwisha kuinuka.

Baadaye nikaiona karatasi anayotaka vijana watie sahihi. Imeandikwa Kiingereza. Mwalimu mmoja alinisomea. Inasema kijana amejifunga na timu hiyo kwa miaka mitano, hawezi kwenda timu nyingine bila ruhusa ya mwenye timu. Juu ya mshahara haisemi neno. Kwa hiyo kujitolea ni kwa msimu mmoja, lakini kufungwa ni kwa mitano!

Sasa tujibu, na tuanze na huo mwaka 1963 aliotutajia.

Ni kweli Ligi ya Taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka uleule wa Madaraka na Uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1964 wakaja Luo Union, mwaka 1965 Feisal wa Mombasa, mwaka 1966 Abaluhya. Tunawaheshimu wote. Lakini tazameni mpira ule ulikokaa: Mombasa, Nairobi, Nakuru, Kisumu. Ni njia ya reli. Na reli ilikuwa na nini? Ilikuwa na kazi. Palikuwa na karakana, bandari, posta, mabaraza ya miji, viwanda. Ligi ile ilikuwa ya ridhaa, na wengi waliocheza walikuwa watu wa ajira. Asubuhi mtu yuko kazini kwake, jioni yuko mazoezini, Jumamosi yuko uwanjani, na mwisho wa mwezi anakwenda dirishani kupokea mshahara. Mtu huyo hakucheza bure. Mpira wake ulilishwa na mshahara wa mahali pengine. Ukitaka kumwiga mtu wa 1963, uige na kazi yake pia, usiige makofi peke yake.

Na sisi Turkana mwaka huo tulikuwa wapi? Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje haingii bila kibali. Mkoloni alipaona hapa mahali pa kuficha watu. Makhan Singh na Fred Kubai, waliounda East African Trade Union Congress mwaka 1949, wote wawili waliwekwa kizuizini Lokitaung kwa nyakati zao. Bildad Kaggia alikuwa huko. Mzee Kenyatta alitolewa Lokitaung akaletwa Lodwar mwaka 1959. Basi ardhi hii iliwajua viongozi wa wafanyakazi kabla haijajua ligi ya mpira, na haifai mtu aje kutufundisha hapa kwamba mfanyakazi mwema ni yule asiyeuliza mshahara.

Tena bwana yule hakumaliza hadithi ya wazee hao. Ninyi wenye umri mnakumbuka redio ilivyokuwa ikilia Kadenge na mpira, mpira na Kadenge. Joe Kadenge, mchezaji mkubwa kuliko wote wa siku hizo. Nchi nzima ilimjua kwa jina. Mpira ulipokwisha miguuni, mtu huyo aliendesha teksi mjini Nairobi. Alikufa tarehe 7 Julai 2019. Sisemi teksi ni kazi ya aibu, na dereva yeyote anayesoma karatasi hii ni ndugu yangu. Nasema tu kwamba viwanja vilijaa kwa ajili yake, tiketi zilikatwa, vinywaji viliuzwa, magazeti yaliuzwa, na yeye alipozeeka ilimbidi atafute riziki barabarani. Yule anayetuambia tuwe kama watu wa 1963 atuambie pia kama anataka tuzeeke kama wao.

Wako wanaosema, haya, huo ni mpira wa ridhaa, wa zamani. Sasa tunaanza mpira wa kulipwa, pesa zitakuja, tuwe na subira msimu mmoja tu. Hili ndilo neno la hatari kuliko yote. Desturi ya msimu wa kwanza haiondoki na msimu wa kwanza. Inakaa. Inakuwa sheria, na ninyi mtazeeka mkipigana nayo.

Chukueni nchi iliyoanza kabla ya wote, Uingereza. Mpira wa kulipwa uliruhusiwa huko mwaka 1885. Ligi yao ilianza mwaka 1888 na vilabu 12, na Preston North End wakachukua ubingwa wa kwanza bila kufungwa hata mechi moja. Wenye vilabu wakakaa na kupanga mambo peke yao, bila mchezaji mezani. Wakapanga kwamba mkataba ukiisha, mchezaji bado ni wa klabu. Klabu ikitaka itamshika, haimlipi wala haimwachi. Mwaka 1901 wakapanga kwamba hakuna mchezaji wa kupata zaidi ya paundi 4 kwa wiki, hata akijaza uwanja peke yake. Wachezaji waliunda chama chao Manchester mwaka 1907. Walichelewa. Kikomo cha mshahara kilivunjika mwaka 1961, kikiwa kimefika paundi 20, na kilivunjika kwa sababu wachezaji walikuwa tayari kugoma, wakiongozwa na Jimmy Hill. Hesabuni wenyewe, ni miaka 60. Na ile sheria ya kumshika mtu baada ya mkataba kwisha iliingia mahakamani kwa kesi ya George Eastham, na jaji akasema ni kizuizi kisicho cha haki. Mwaka gani? Mwaka 1963! Nakuru wanasherehekea kombe, na kule kwa waanzilishi wa mpira wenyewe ndiyo kwanza mchezaji anatolewa kamba shingoni.

Msiseme hayo ni mambo ya kale. Wamarekani wameanzisha ligi yao ya kulipwa mwaka 1996. Mikataba yote ya wachezaji ikawekwa mikononi mwa ligi yenyewe, ili vilabu visigombanie mchezaji na kumpandishia bei. Wachezaji walikwenda mahakamani mwaka 1997, wakashindwa. Chama chao kilikuja mwaka 2003, ligi imekwisha kuota mizizi. Ligi yao ya wanawake iliyoanza mwaka 2013 ilikuwa na wachezaji wa kima cha chini waliolipwa dola 6,000 kwa msimu mzima, katika nchi ile ya matajiri, na wengine iliwabidi kulala katika nyumba za watu waliojitolea kuwakaribisha. Wanawake hao waliunda chama. Mwaka 2022 walitia sahihi mapatano ya pamoja ya kwanza, na kima cha chini kikawa dola 35,000. Mpira ni uleule, uwanja ni uleule. Kilichoongezeka hapo ni chama.

Sasa nirudi nyumbani, kwa mtoto wa Kakuma.

Awer Mabil alizaliwa kambini Kakuma mwaka 1995, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Alijifunza mpira palepale kwenye vumbi mnalolijua. Mwaka 2006, akiwa na miaka kumi, akapelekwa Australia na jamaa zake. Akakua, akachezea Adelaide United, akaenda Ulaya, akavaa jezi ya taifa la Australia. Mwezi Juni 2022 walipocheza na Peru kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, yeye alikuwa mmoja wa waliopiga penalti na akaifunga, Australia ikaenda Qatar. Kakuma nzima mlisikia.

Lakini hamkuambiwa hili. Wachezaji wa Australia waliunda chama chao mwaka 1993. Ligi yao mpya ya kulipwa, ile aliyoikuta Mabil, ilianza mwezi Agosti 2005 na timu nane. Miaka 12 chama kilikuwepo kabla ya filimbi ya kwanza. Kwa hiyo msimu wa kwanza ulipoanza, mchezaji alikuwa amekwisha kukaa mezani na wenye ligi, na masharti ya kazi yake yalikuwa yameandikwa. Mtoto wa Kakuma alipofika pale alikuta njia imefyekwa. Angebaki Kakuma angekutana na bwana yule na fulana yake.

Na hapa nina neno chungu. Nimesikia, na waliosikia ni zaidi ya mmoja, kwamba juu ya vijana wa kambini ilisemwa hivi: hao hawana haja ya mkataba, hao wape chakula wanatosheka. Wengine wetu hapa Longech walicheka. Ndugu, mlikuwa mnajicheka wenyewe! Yule atakayecheza kwa sahani ya wali ndiye atakayetumiwa kukuondoa wewe utakapodai shilingi. Ndiyo hila ya siku zote. Walitumia mtu wa kijiji kingine kushusha mshahara wa mtu wa mjini, na mtu asiye na kazi kushusha mshahara wa mwenye kazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imesema mkimbizi anaweza kutafuta kazi katika nchi hii. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Chama hiki hakitapigania mkataba wa kijana wa Longech peke yake na kumwacha wa Kakuma nje ya mlango. Mnaogombania malisho na kuni na watu wa kambi, endeleeni na mazungumzo yenu mbele ya wazee, lakini katika jambo la mshahara tusimame mstari mmoja.

Mtaniuliza, katibu, mshahara utatoka wapi? Timu ni changa, hakuna pesa. Swali hili ni la haki na silikimbii. Ni kweli timu changa haina pesa nyingi. Ni kweli safari ya kwenda na kurudi Nairobi kutoka Lodwar ni mafuta mengi, na barabara mnaijua. Lakini sikilizeni habari za pesa za mpira wa nchi hii, maana zipo, tatizo ni jinsi zinavyokuja na kwenda.

Mwaka 2003 vilabu viliunda kampuni yao ya kuendesha ligi kuu, tukaambiwa sasa ndiyo mpira wa kulipwa. Bingwa wa mwaka huo alikuwa nani? Ulinzi Stars. Ni timu ya jeshi, askari anacheza na mshahara wa askari. Akachukua tena 2004, akachukua tena 2005. Mwaka 2006 wakachukua SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari. Mwaka 2007 Tusker, timu ya kiwanda cha bia. Na msimu wa 2024/25, bingwa alikuwa Kenya Police. Mnaona? Mtu mwenye hati ya mshahara mfukoni analala usingizi, anaamka, anacheza. Najua mashabiki wa Gor Mahia hapa ufuoni watanirukia, watasema wao wameshinda mara nyingi kuliko wote na si timu ya kiwanda wala ya jeshi. Ni kweli, na nawapa mkono. Lakini waulizeni pia kwa nini FIFA iliwahi kuwazuia kusajili wachezaji wapya. Ni deni la mishahara.

Timu nyingine zilitegemea pesa za udhamini, na pesa hizo nyingi zilikuwa za kampuni za kamari. SportPesa iliipa ligi jina lake kuanzia 2015. Mwezi Julai 2019 leseni yake haikufanywa upya, mwezi Agosti ikaondoa udhamini wote, na mishahara katika vilabu vingi ikakatika kama kamba ya nanga. SoNy Sugar, bingwa wa 2006, mwaka huohuo wa 2019 alishindwa kufika mechi tatu akaondolewa katika ligi. Mwaka 2020 akaja BetKing, akatangaza miaka mitano na shilingi bilioni 1.2. Mwaka mmoja haukupita sana akajiondoa. Katika hayo yote nani alibeba hasara? Kampuni ilikwenda zake. Viongozi walibaki na ofisi. Mchezaji alibaki na kodi ya nyumba ya miezi minne.

Tena sisi watu wa Kalokol hatuhitaji kufundishwa habari ya kitu kilichofunguliwa kwa sherehe. Jengo la kiwanda cha kugandisha samaki, msaada wa Norway, lilizinduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee walipiga ngoma. Kugandisha samaki kulikuwa ghali kuliko samaki wenyewe, ghuba ikakauka, kazi ikasimama. Wenye mipango hawakumuuliza mvuvi. Sitaki vijana wetu wawe jengo la pili.

Kwa hiyo swali la pesa tunalijibu kwa desturi yetu wenyewe ya ziwani. Mashua ikirudi, mafuta ya injini yanatolewa kwanza. Mwenye mashua anachukua fungu lake, mwenye nyavu lake, na wavuvi wanagawana linalobaki. Tunagombana kila siku juu ya ukubwa wa fungu la mwenye mashua, na chama hiki kitaendelea kugombana. Lakini hata mwenye mashua mkali kuliko wote hapa Longech hajapata kusimama ufuoni na kumwambia mvuvi: msimu wa kwanza samaki wote ni wangu, wewe nitakupa fulana. Angepigwa kwa kasia.

Basi na iwe hivyohivyo uwanjani. Kama mshahara kamili hauwezekani msimu wa kwanza, mchezaji apewe posho ya kila mwezi iliyoandikwa, hata kama ni ndogo, na juu yake fungu la viingilio na fungu la udhamini wowote utakaokuja, na hesabu isomwe mbele ya wachezaji kila mwisho wa mwezi kama tunavyosoma mzani. Ziwa likitoa kidogo tutagawana kidogo. Mvuvi anaijua njaa ya pamoja. Asichokubali ni njaa yake peke yake huku mwenzake ananenepa.

Tena karatasi iwe ya msimu mmoja, si mitano. Iandikwe Kiswahili, na ielezwe kwa Kiturkana na kwa lugha za vijana wa Kakuma. Hili si ombi la huruma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi ni lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kazi ya kuuandika ni ya mwajiri; na kama mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha iliyotumika, mwajiri lazima amfanyie aelezwe kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, haki ya kuingia chama, na haki ya kugoma. Sasa mnaelewa kwa nini bwana yule anapenda sana neno kujitolea. Mtu wa kujitolea si mfanyakazi, na asiyekuwa mfanyakazi hana sheria. Neno moja tu, na sheria zote hizo zinaanguka majini.

Kuna jambo la kuumia, na hili linanikaa rohoni kuliko mshahara.

Mwaka jana kijana wa mashua ya jirani yangu alikwenda Lodwar kuchezea timu fulani katika mashindano ya kombe. Alivunjika mguu dakika za mwisho. Watu wa timu walimpeleka hospitali, wakalipa plasta, wakampiga picha, wakaondoka. Plasta ya kwanza haikukaa vizuri, mguu ukafunguliwa tena. Mama yake aliuza mbuzi saba. Kiti chake mashuani alipewa mwingine, na simlaumu mwenye mashua, kwa sababu nyavu hazingoji. Leo kijana huyo anakaa kivulini anashona nyavu za wenzake kwa malipo ya kipande, gongo liko pembeni. Ana miaka 22. Nilipomsomea maneno ya bwana yule, aliuliza jambo moja tu: mguu umeandikwa wapi?

Haukuandikwa popote. Kama angekuwa mfanyakazi kwa karatasi, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, na mwajiri anatakiwa kuwa na bima. Kwa mchezaji wa kujitolea kuna plasta na picha. Kwa hiyo bima ya majeraha ni lazima iwepo kabla ya mazoezi ya kwanza, achilia mbali mechi ya kwanza. Katika hili hatutagawana kidogo wala hatutangoja msimu wa pili.

Wako wanaonong'ona kwamba katibu anachukia mpira, anataka kuifukuza timu kabla haijazaliwa. Mimi nimekaa golini miaka tisa katika uwanja huu wa mchanga, na meno mawili niliyokosa mnayaona. Nataka timu ya Turkana iingie ligi kuu kuliko huyo mwenye gari. Tangu 1963 tumekuwa watu wa kusikiliza mechi redioni, na ningependa kabla sijafa nisikie mtangazaji akisumbuka kutamka Longech. Lakini sitalinunua jina hilo kwa miguu ya watoto wa watu.

Lawama nyingine ni yetu. Miaka miwili nyuma vijana wa mpira walikuja kutaka kadi za chama, tukawaambia ninyi ni wachezaji, hamna kazi. Nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Kumbe tulikuwa tunasema maneno ya tajiri kwa midomo yetu. Anayepanga viti uwanjani analipwa, dereva wa basi la timu analipwa, mwamuzi analipwa, askari wa langoni analipwa, na yule ambaye bila yeye hakuna anayekuja ndiye tuliyemwambia hana kazi. Halmashauri imekubali kwamba kuanzia mwezi huu mchezaji yeyote wa timu inayotoza kiingilio anaweza kukata kadi kwa ada ileile ya mvuvi. Pia tunawaandikia KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya kilicho ndani ya shirikisho la wachezaji wa dunia, FIFPRO, watutumie mfano wa mkataba ulio halali, ili tusibishane kwa kukisia.

Mkutano utakuwa Jumapili saa kumi jioni, chini ya mikoma nyuma ya banda la samaki. Mashua zitakazokuwa ng'ambo ya ziwa ziambiwe mapema. Wenzetu wa Kakuma watapata nafasi katika lori la samaki linalorudi, tumekwisha kusema na dereva. Bwana mwenye timu amealikwa kwa barua, na atapewa kiti na nafasi ya kusema bila kuzomewa, atakayezomea atatolewa. Kabla ya siku hiyo mtu yeyote asitie sahihi. Aliyekwisha kutia dole gumba aje na nakala yake, na kama hakupewa nakala, aje aseme hivyo mbele ya watu.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Nakala ni chache, wino umekwisha.

Katibu, Longech